Anayenunua Mandhari Hununua Nini?



Wapendwa wanaparokia, nanyi nyote wana wa Kagera mnaotusoma juma kwa juma mkiwa mbali na nyumbani,

Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu tulipanda tena kwenye ukingo wa uwanda wa Kamachumu, wilayani Muleba, kuwapelekea wagonjwa na wazee Ekaristi Takatifu. Nyumba ya mwisho katika safari hiyo ni ya mama mmoja mjane, ambaye kibanja chake kinaishia pale genge linapoanza kuteremka. Baada ya sala na komunyo alitukaribisha tukae kwenye benchi nyuma ya jiko. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na hewa ilikuwa imeoshwa. Chini yetu lilitandazwa bonde zima: migomba iliyoshikamana kama kundi la waumini siku ya Pasaka, mapaa ya bati yaking'aa hapa na pale, na kijito kinachojipenyeza hadi kupotea katika mafunjo. Mbele zaidi lilionekana Ziwa Viktoria, na juu yake visiwa vya Muleba, Bumbire kikiwa kimelala kama mtumbwi uliofunikwa.

Katekista tuliyekuwa naye akavuta pumzi, akasema, "Kweli hapa ni mbinguni." Mama akacheka. "Waitu Padri," akasema, "mbinguni hakuna kupanda mlima na ndoo ya maji kichwani."

Tulicheka naye, lakini neno lile halikututoka. Maana baada ya kicheko alitueleza jambo linaloisumbua familia yake, naye ameturuhusu tuliseme hapa bila kutaja jina, kwa kuwa anaamini si lake peke yake. Amepatikana mtu wa mjini anayetaka kukinunua kibanja kile. Mwanawe anayeishi Dar es Salaam alipiga picha alipokuja likizo, akazionyesha kwa simu kwa watu, na mnunuzi akajitokeza. Alipokuja kukagua hakuuliza migomba ni mingapi, wala kahawa inatoa magunia mangapi, wala udongo una hali gani. Aliuliza mambo mawili tu: kama ziwa huonekana miezi yote, na kama jirani wa chini angekubali kukata miti yake miwili ya mivule inayoziba upande mmoja.

"Miaka yote nimelima hapa," mama akatuambia. "Leo ndipo ninapoambiwa kwamba chenye thamani ni kile nilichokuwa nakitazama nilipokuwa nanyoosha mgongo."

Watoto wake wametuomba ushauri. Tuliomba muda wa kusali na kufikiri, na tafakari hii ni sehemu ya fikra hizo. Tunajua kwamba kutoka Kashozi hadi Nshamba, kutoka kingo za Bukoba zinazotazamana na kisiwa cha Musira hadi vilima vya Rubya, swali hili linabisha hodi katika familia nyingi. Zamani aliyetafuta ardhi alitafuta rutuba. Siku hizi wapo wanaotafuta mandhari. Basi tujiulize: anayenunua mandhari hununua nini hasa?

Tuanze na kile jicho linachokiona. Mgeni akisimama pale juu huona kijani, akadhani kijani hicho kimeota chenyewe kwa sababu nchi yetu ina mvua. Ni kweli tuna mvua nyingi, hasa huku kandokando ya ziwa. Lakini mvua hiyo hiyo ndiyo inayoosha virutubisho na kuviteremsha chini sana, hata ardhi yetu kwa asili ikawa maskini. Ushahidi uko wazi: tazameni rweya, yale mbuga ya nyasi fupi yaliyo kati ya kijiji na kijiji. Udongo wa rweya na udongo wa kibanja ulikuwa mmoja. Kilichoutenganisha ni mikono ya watu. Vizazi kwa vizazi wazee wetu walichunga ng'ombe rweyani na kuleta samadi kibanjani. Akina mama walikata nyasi, wakazifunga mizigo, wakazibeba kichwani, wakazitandaza chini ya migomba. Majivu, maganda ya ndizi na mabaki ya jikoni vyote vilirudishwa shinani. Ndivyo kibanja kilivyotengenezwa, kikapu kwa kikapu.

Kwa hiyo ile mandhari si mapambo ambayo Mungu aliyatundika ukutani ili mwenye fedha achague. Ni kazi ya Mungu na ya wanadamu kwa pamoja, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wanawake ambao majina yao hayamo katika hati yoyote. Anayesema "kuna mandhari nzuri" anasifu, bila kujua, migongo ya bibi zetu.

Tena mandhari hiyo haidumu bila kazi hiyo. Leo sehemu kubwa za rweya zimepandwa mikaratusi na misonobari, au zimegawiwa watu binafsi, na nyasi za kutandaza zimekuwa haba. Ng'ombe wamepungua, na samadi imepungua nao. Kisha katika miaka ya 2000 ukaja mnyauko wa migomba, ugonjwa unaofanya mkungu uive kabla ya wakati na kuoza ndani, nao ukaingia mashambani mwetu kwa visu visivyosafishwa na kwa wadudu wanaotembelea maua. Kutoka juu gengeni huoni lolote katika haya. Kutoka juu, mgomba unaoumwa na mgomba wenye afya vina rangi inayofanana. Mpaka ushuke, uingie shambani, uinamie shina, ndipo ujue kwamba pana familia inayokula mara moja kwa siku.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nasi twaweza kusema vivyo hivyo juu ya nchi. Ule upande wa ziwa unaovutia hivi una kumbukumbu nzito. Bumbire, kile kisiwa kilicholala kwa utulivu, ndicho mahali ambapo mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley na watu wake waliwapiga wenyeji risasi, wakaua wengi. Maji yale ya buluu yaliwameza ndugu zetu wa meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na wengine 19 katika ajali ya ndege pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022. Vilima vile vilitikisika tarehe 10 Septemba 2016, nyumba zikaanguka, watu wakafa. Na katika yale mapaa ya bati chini bondeni zimo nyumba ambazo zilibaki na watoto na bibi tu, kwa sababu mkoa wetu ndio uliokuwa wa kwanza nchini kugunduliwa wagonjwa wa ukimwi, mwaka 1983. Hatusemi haya ili kumnyima mtu furaha ya kutazama. Twasema ili anayetazama ajue anatazama nini.

Maandiko Matakatifu yanatupatia mifano miwili ya watu walioongozwa na macho katika habari ya ardhi. Wa kwanza ni Lutu. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, Abrahamu alipompa nafasi ya kuchagua, Lutu aliinua macho akaliona bonde la Yordani jinsi lilivyokuwa na maji mengi, akalichagua lote. Hakuuliza ni watu gani wanaoishi humo, wala watakuwa majirani wa namna gani. Alichagua kwa jicho, na tunajua safari yake iliishia wapi. Wa pili ni mfalme Ahabu katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Alikuwa na jumba la kifalme, lakini alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi kwa kuwa lilikuwa karibu na jumba lake. Alitoa bei nzuri, hata akaahidi shamba bora zaidi. Tusimkatie hukumu haraka: mwanzoni Ahabu alikuwa mnunuzi wa haki kabisa. Tatizo lilikuwa kwamba hakuweza kuelewa jibu la Nabothi. Kwa mfalme lile lilikuwa eneo. Kwa Nabothi ulikuwa urithi wa baba zake, kitu kisichobadilishwa na kingine hata kiwe bora zaidi.

Mhaya yeyote anamwelewa Nabothi. Kibanja chetu si shamba tu. Ndipo tulipozikia wazee wetu, ndipo watoto wetu wanapoonyeshwa kaburi la babu na kuambiwa, "Wewe ni wa hapa." Baba zetu walijua pia uchungu wa kulima ardhi inayotazamwa na mwingine kama mali yake. Chini ya mfumo wa nyarubanja, mkulima alikilima kibanja huku bwana wake akidai sehemu ya mavuno na utumishi, naye aliweza kufukuzwa. Mfumo huo ulifutwa kwa sheria za mwaka 1965 na 1968. Ingekuwa aibu iwapo sisi wenyewe, kwa hiari na kwa bei ya kutupwa, tungeanzisha nyarubanja ya aina mpya, ambamo watu wa juu wanamiliki macho na watu wa chini wanaambiwa wakate miti yao ili wasiwazibie.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliligusa jambo hili hili. Aliona kwamba katika baadhi ya mahali, mijini na vijijini, sehemu zenye uzuri wa pekee zinageuzwa kuwa za watu binafsi, na wananchi wa kawaida wanazuiwa kuzifikia. Nasi tumeanza kuyaona. Ziko sehemu ambako ua umejengwa na njia ya kuteremkia kisimani imefungwa, hata akina mama wanazunguka mbali zaidi na ndoo zao. Macho hayana pazia, lakini njia ina lango. Anayenunua kwa ajili ya kutazama huona njia ya watu kama kitu kinachoharibu picha.

Hata hivyo, wapendwa, tungekuwa wanafiki kama tungeishia hapa. Ni rahisi sana kwa Padri, ambaye hana watoto wa kusomesha, kuwahubiria watu wasiuze vibanja vyao. Ni rahisi pia kwa wanaukoo wanaoishi Mwanza, Dar es Salaam au Ulaya kupiga simu na kusema kwa sauti kubwa, "Ardhi ya ukoo haiuzwi!" Tuwaulize kwa upole: mara ya mwisho mlikata nyasi za kibanja hicho lini?

Mnakumbuka kesi iliyotoka mkoani kwetu, ambayo leo husomwa katika vyuo vya sheria ndani na nje ya Afrika. Mwaka 1988 mama mmoja, aliyekuwa amerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, aliiuza. Alikuwa anazeeka na hakuwa na mtu wa kumtunza. Mwanaume wa ukoo wake akaenda mahakamani kusema kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba Katiba ya nchi haibagui, na kwamba mwanamke ana haki ile ile aliyo nayo mwanamume. Wengi husimulia hukumu hiyo kama habari ya haki za wanawake, na ndivyo ilivyo. Lakini sisi tukiisoma hubaki na swali jingine: ukoo ulikuwa wapi alipokuwa anahitaji wa kumchotea maji? Uliamka alipouza. Ukoo unaoamka siku ya kuuza tu haulindi urithi. Unalinda jina lake.

Nasi makasisi tusijisahau. Makanisa mengi ya zamani katika nchi hii, tangu wamisionari wa Afrika walipofungua Kashozi mwaka 1892, yamesimama mahali pa juu penye kuonekana na penye kuona. Tunapotoka sakristia tunaliona bonde lote. Je, tunashuka? Tunakiri kwamba iko miezi ambayo kibaraza cha nyumba ya mapadre kimekuwa mahali petu pa kuwatazama waumini kwa mbali. Bwana wetu alipoukaribia mji wa Yerusalemu, Luka anatuambia katika sura ya 19, aliuona na kuulilia. Wengine waliuona mji ule ule wakastaajabia uzuri wake. Yeye aliona watu waliomo. Halafu hakubaki juu mlimani. Aliteremka akaingia mjini.

Basi, maoni yetu ni haya. Hatusemi kwamba kuuza ni dhambi. Mtu mwenye shida ya kweli, aliyeachwa na wake, ana haki ya kukigeuza alicho nacho kuwa matibabu, chakula na ada. Wala hatusemi kwamba mgeni si mtu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu wa mjini anayependa nchi yetu na kutaka kujenga miongoni mwetu aweza kuwa jirani mwema kuliko ndugu wa damu aliyetusahau. Tunachosema ni kwamba yapo maswali ambayo lazima yaulizwe kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kwanza, tuulize nani anaamua. Kama ni mama anayekaa pale, na aulizwe yeye, akiwa ameketi, bila kuharakishwa, na bila dalali kuwepo. Mume asiuze kwa kumficha mke, wala watoto wasiuze kwa kumzunguka mzazi.

Pili, tufuate sheria. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, na sisi tunayo haki ya kuitumia. Kumhamishia haki hiyo mtu asiye mwanakijiji kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Na kwa wale wanaouziwa viwanja vinavyogusa maji ya ziwa, wakumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Makubaliano ya usiku, ya mashahidi wawili na bia, yamewaliza wengi.

Tatu, tuwakumbuke walio chini. Maji ya mvua kutoka kwenye paa kubwa na ua uliosakafiwa yataelekea wapi? Kwenye genge, kisha kwenye shamba la jirani, kisha kwenye kisima cha kijiji. Njia ya kisimani, njia ya kwenda kanisani na shuleni, na njia ya kuyafikia makaburi ziandikwe katika makubaliano kwa maneno yanayoeleweka, siyo kuachwa kwenye nia njema. Nia njema hufa pamoja na mwenye nia.

Nne, na hili ndilo gumu, tuulize kama kinachouzwa ni ardhi au ni uchovu. Mara nyingi familia inauza kwa sababu hakuna anayetaka kulima, siyo kwa sababu fedha zinahitajika. Hapo dawa si mnunuzi. Dawa huenda ikawa kijana wa jirani anayelipwa kila mwezi kukata nyasi na kuondoa migomba yenye mnyauko, tangi la kuvunia maji ya mvua ili mama asipande tena na ndoo, na mtoto mmoja anayekubali kurudi.

Dominika iliyopita tulirudi kwa yule mama, safari hii watoto wake watatu wakiwa wamefika. Hatukuwahubiria. Tuliwaomba tu wateremke pamoja nasi hadi kisimani na kupanda tena, kila mmoja na ndoo yake. Walipofika juu, yule wa Dar es Salaam aliketi kwenye benchi lile lile, jasho likimtoka, akaliangalia ziwa kwa muda mrefu bila kutoa simu. Kisha akamgeukia mama yake akamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu habari hii ianze, "Mama, wewe unataka nini?"

Mama akajibu kwamba anataka maji karibu na nyumba, mtu wa kumsaidia nyasi, na kuzikwa kando ya mume wake. Kuhusu kuuza, akasema, wamuulize tena akishayapata hayo matatu, na kama bado atataka, atauza mwenyewe kwa mkono wake.

Mnunuzi bado anasubiri jibu. Watoto wameanza na tangi. Tuwaombee, na tuwaombee wote wanaoketi katika baraza za namna hii kote Muleba na Bukoba, ili wasiuze kwa hasira wala wasizuie kwa kiburi. Nanyi mlio mbali, mnaoweka picha za mabonde yetu kwenye simu zenu, tunawaomba jambo moja: mkija likizo, kabla ya kupiga picha, ulizeni maji yanachotwa wapi, mkachote.

Awabariki Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.